Tarehe Mosi Julai: Siku Moja, Miaka Mingi

Wanachama wetu wengi huijua tarehe mosi Julai kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ndiyo siku mweka hazina anapofunga daftari la mwaka uliopita na kufungua jipya. Serikali yetu nayo hufanya vivyo hivyo, kwani mwaka wake wa fedha huanza tarehe mosi Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Basi kwa kuwa taarifa hii ni ya mwaka wa hesabu, tumeona si vibaya kuwaeleza wanachama, na hasa vijana ambao hawakupata nafasi ya kukaa na wazee, kwamba siku hiyo imebeba mambo mengine yaliyogusa nchi zetu kuliko hesabu yoyote ya shilingi na senti. Katika siku hiyo hiyo, kwa miaka mbalimbali, mipaka ya Afrika ya Mashariki iliwekwa, pwani ya Kenya ikabadili mwenye kuitawala, jirani zetu watatu wakapata uhuru wao, na baadhi ya milango iliyofungwa ikaanza kufunguliwa.

Twatangulia kusema kwamba hatumo katika kundi la wale wanaoamini kuwa siku ina bahati yake au nuksi yake. Jambo lililo kubwa mara nyingi hutokea tarehe mosi ya mwezi kwa kuwa makarani wa serikali zote duniani hupenda kuanza kazi mpya juu ya ukurasa mpya, na mosi Julai ndiyo nusu ya mwaka kamili. Lakini hata kama ni makarani walioichagua siku, yaliyotendeka ndani yake ni mambo ya kweli, na tukiyapanga pamoja yatuonyesha kitu ambacho vitabu vikubwa, vinavyoyaeleza kila moja mahali pake, havituonyeshi kwa urahisi.

Tuanze na mwaka 1890. Siku hiyo, tarehe 1 Julai, mjini Berlin, wakuu wa Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mkataba ambao Wazungu huuita kwa jina la kisiwa cha Heligoland pamoja na Zanzibar. Kwa upande wa Ujerumani alikuwapo Chansela Caprivi. Kwa upande wa Uingereza alikuwapo balozi wake, Edward Malet. Heligoland ni kisiwa kidogo sana katika Bahari ya Kaskazini, karibu na pwani ya Ujerumani, na kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wajerumani walikitaka kwa ajili ya manowari zao. Waingereza nao walitaka mambo kadhaa katika Afrika, na ndivyo walivyobadilishana. Husemwa mara nyingi kwamba Wajerumani waliiuza Unguja kwa kisiwa hicho. Maneno hayo si sawa, kwa kuwa Unguja haikuwa yao hata waiuze; ilikuwa ya Seyyid Ali bin Said. Walichofanya ni kukubali tu kwamba Uingereza iweke ulinzi wake juu ya Unguja na Pemba, na ulinzi huo ukatangazwa mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Kwetu sisi lililo zito zaidi katika mkataba huo ni mstari wa mpaka. Mstari wenyewe ulikuwa umekwisha kukubaliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1886, lakini mkataba wa 1890 ndio ulioukaza na kuuendeleza. Ulianzia pwani, kwenye mlango wa mto Umba, ukaenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, ukazunguka ziwa hilo upande wa mashariki na kaskazini, ukavuka mto Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa chini upande wa kaskazini, kisha ukaenda wima kama kamba iliyovutwa mpaka Ziwa Victoria, mahali ambapo mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta hukutana na maji. Kutoka hapo ukavuka ziwa na kuendelea magharibi juu ya mstari huo huo hadi mpaka wa Kongo.

Mzee yeyote wa Vanga, Taveta, Loitokitok, Namanga au Isebania akiyasoma maneno hayo huona mara moja ni nani aliyekatwa. Wadigo walibaki huku na kule. Wamasai walikatwa katikati ya malisho yao. Wakuria wakagawanywa, na Wajaluo wa pande mbili za ziwa vilevile. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyekuwamo katika chumba kile cha Berlin, wala hakupelekewa habari. Wengi waliishi miaka kadhaa bila kujua kwamba nyumba ya shangazi yao ilikuwa sasa katika nchi nyingine.

Kuna hadithi inayopendwa sana, hata shuleni imesimuliwa, ya kwamba mpaka uliupinda mlima Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, mlima huo uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini haiwezi kuwa kweli, maana mstari ulipinda mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaisari mpaka mwaka 1888. Sababu yenyewe ni ya biashara zaidi. Mwingereza Harry Johnston alikuwa amefanya mapatano Taveta mwaka 1884, na Mjerumani Jühlke akafika Moshi mwaka 1885 akafanya mapatano na Mangi Rindi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara. Kila mmoja akashika karatasi yake, na mstari ukapita baina ya karatasi hizo mbili. Ndiyo maana Taveta ni Kenya na Moshi ni Tanzania. Twaona hadithi ya zawadi imedumu kwa sababu inastahimilika: kumlaumu bibi mmoja aliyempenda mjukuu wake ni rahisi kuliko kukiri kwamba nchi zetu ziligawanywa kwa karatasi za wapita njia.

Magharibi ya Nyanza mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Waandishi wa mkataba waliweka sharti kwamba mlima uitwao Mfumbiro utahesabiwa kuwa upande wa Waingereza, hata ukionekana kuwa kusini ya mstari. Walikuwa wakiusikia tu katika habari za wasafiri; pahali pake hapakujulikana sawasawa, na baadaye ilionekana kwamba jina hilo lilihusu milima mingi ya moto, ile tuitayo leo Virunga. Kwa ajili ya mlima ambao hakuna kati yao aliyeujua, Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walivutana mpaka mwaka 1910 ndipo mipaka ya pembe hiyo ikatulia. Nchi ya Rwanda yenyewe iliangukia upande wa Wajerumani katika ramani kabla Mjerumani yeyote hajauona uso wa Mwami wake. Count von Götzen alifika huko mwaka 1894, miaka minne baada ya sahihi ya Berlin.

Na madhara ya mstari wa digrii moja hayakwisha na Wazungu. Kwa kuwa uliwekwa bila kuutazama mto Kagera, kilibaki kipande cha nchi kaskazini ya mto lakini kusini ya mstari, nacho kikawa cha Tanganyika. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika kipande hicho, na Amin akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni mto. Vita vilivyofuata vilifika Kampala mwezi wa Aprili 1979 na kumwondoa Amin. Watu wengi waliokufa katika vita hivyo hawakupata kusikia jina la Caprivi.

Kabla ya kuuacha mwaka 1890, yatupasa kuutaja mji wa Witu, karibu na Lamu. Mji huo ulisimamishwa na Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyekataa kutawaliwa na Unguja. Mwaka 1885 alikubali ulinzi wa Wajerumani, akidhani amepata rafiki atakayemkinga na Seyyid. Kwa mkataba wa mosi Julai, Wajerumani waliiacha Witu na pwani yote hadi Kismayu mikononi mwa Waingereza. Simba alikuwa amekwisha kufariki. Aliyekuwa akitawala ni Fumo Bakari. Mwezi wa Septemba 1890 palitokea fitina mjini Witu, akauawa Mjerumani mmoja mfanyabiashara aitwaye Küntzel pamoja na wenzake. Na kwa kuwa nchi sasa ilikuwa chini ya Waingereza, ni manowari za Kiingereza zilizokuja kulipiza kisasi cha Wajerumani, chini ya Admeri Fremantle. Mwezi wa Oktoba Witu ikatekwa na kuchomwa moto. Watu wa Witu walibadilishiwa mlinzi bila kuulizwa, kisha wakaadhibiwa na mlinzi mpya kwa ajili ya mlinzi wa zamani.

Miaka mitano ikapita. Tarehe 1 Julai 1895, mjini Mombasa, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa na William Mackinnon na kupewa hati ya Malkia mwaka 1888, iliondoka katika utawala, na Serikali ya Uingereza ikashika mahali pake. Kampuni ilikuwa imeishiwa. Biashara haikutosha kulipa gharama za barani, na Mackinnon mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1893. Ulinzi wa Uingereza juu ya Afrika ya Mashariki ulikuwa umetangazwa London katikati ya Juni, lakini ni siku ya mosi Julai watu wa Mombasa walipoambiwa waziwazi.

Aliyewaambia hakuwa peke yake Arthur Hardinge, balozi wa Kiingereza wa Unguja, bali pia Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Seyyid Hamed bin Thuwaini. Mathews alikuwa Mwingereza, lakini alisema kwa jina la Seyyid. Aliwatangazia wenyeji kwamba Kampuni imeondoka, kwamba Serikali kubwa ya Kiingereza itashika kazi, na kwamba mambo yote ya dini ya Kiislamu yataendeshwa kwa heshima na manufaa ya dini, na desturi za kale zitaachwa ziendelee. Tumeyaeleza maneno hayo kwa kirefu kwa kuwa hayakuwa upepo. Mapatano ya Desemba 1895 yaliiacha pwani kuwa milki ya Seyyid chini ya utawala wa Waingereza, kwa malipo ya kila mwaka, na ahadi ya siku ile ilishikwa na watu wa pwani kama hati ya haki yao. Ilipofika zamani za mazungumzo ya uhuru, na Serikali ikamtuma James Robertson mwaka 1961 kuchungua habari za ukanda wa pwani, ahadi hiyo ilikumbushwa. Na mwezi wa Oktoba 1963, pwani ilipokabidhiwa Kenya, Bwana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Sheikh Muhammad Shamte, waliandikiana kwamba Waislamu wa pwani watahifadhiwa dini yao na makadhi wao. Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hata leo.

Sasa twaomba wanachama watazame hesabu, maana chama chetu ni cha watu wajuao hesabu. Mkataba wa 1890 ulipokwisha, Ujerumani ilimlipa Seyyid marki milioni 4, yaani kama pauni 200,000, ili aiachie moja kwa moja pwani ya Tanganyika, pamoja na Bagamoyo na Dar es Salaam. Mwaka 1895 Kampuni ilipotaka kulipwa ili iondoke, ilipewa pauni 250,000. Katika hizo, pauni 50,000 tu zilitoka katika hazina ya Uingereza; pauni 200,000 zilikuwa fedha za Unguja. Kwa maneno mengine, Seyyid aliuza nusu ya pwani yake kwa Wajerumani, kisha fedha zile zile zikatumika kuwaondoa wafanyabiashara wa Kiingereza katika nusu ya pili, ambayo akaipangisha Serikali ya Kiingereza. Malipo yake ya mwaka yakawa pauni 17,000: pauni 11,000 za kodi, na pauni 6,000 zikiwa faida ya asilimia 3 juu ya zile 200,000. Hatuna haja ya kuongeza neno. Mweka hazina yeyote aweza kuona ni nani aliyetoka na faida.

Wala siku ile haikuleta utulivu. Wamazrui wa Takaungu na Gazi walikuwa wamekwisha kuinuka tangu mapema mwaka huo kwa ugomvi wa urithi wa Takaungu, ambao Kampuni iliuingilia. Serikali mpya iliurithi ugomvi pamoja na viti na meza. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana mpaka Aprili 1896, kisha akavuka mpaka pamoja na watu wake akajitoa kwa Wajerumani. Akavuka, twasema, mstari ule ule wa mto Umba. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya Wazungu ukawa kimbilio la Mwafrika wa pwani, na hilo limetokea mara nyingi tangu hapo.

Tukiitazama dunia nzima, siku hii ina mambo mengi ambayo hatuwezi kuyakalisha hapa. Kanada huiadhimisha kwa kuwa ilifanywa nchi moja tarehe 1 Julai 1867. Lakini katika Newfoundland, iliyojiunga na Kanada mwaka 1949, asubuhi ya siku hiyo ni ya matanga, kwa sababu tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya mto Somme katika Ufaransa, kikosi chao chenye watu wapatao 800 kiliondoka katika mahandaki, na kesho yake walioitikia majina yao walikuwa 68. Jeshi lote la Waingereza lilipoteza siku hiyo watu 19,240 waliokufa. Siku moja, bendera asubuhi ni nusu mlingoti, jioni ni juu. Wakati huo huo vita vya Ulaya vilikuwa vikiendelea kwetu pia, na juu ya mstari ule ule: Taveta ilitekwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1914 na kurudishwa Machi 1916. Wazee waliochukuliwa kuwa wapagazi wa vita hivyo hawana makaburi yenye majina kama ya Somme. Wana mtaa wa Kariokor katika Nairobi, unaobeba jina la kikosi chao, na sanamu zao katika Nairobi na Mombasa.

Tufike basi katika miaka ya uhuru. Tarehe 1 Julai 1960 Ghana ilikuwa Jamhuri na Dakta Kwame Nkrumah akawa Rais wake. Siku hiyo hiyo Somalia ilipata uhuru. Sehemu iliyokuwa chini ya Uingereza ilikuwa huru tangu tarehe 26 Juni. Sehemu iliyokuwa chini ya Italia ikawa huru tarehe mosi, na zote mbili zikaungana saa ile ile kuwa Jamhuri moja, Aden Abdulle Osman akiwa Rais. Furaha yao ilikuwa kubwa, na jirani yeyote mwema angefurahi pamoja nao. Lakini nyota ya bendera yao ilikuwa na pembe tano, na pembe moja ilisimama kwa ajili ya wilaya zetu za kaskazini. Kama wasomaji watakumbuka, mkataba wa 1890 ulifika hadi Kismayu; Jubaland ikakatwa na kupewa Italia mwaka 1925, na Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera wakabaki Kenya. Basi mstari mmoja wa Wazungu ukazaa ugomvi mwingine, na kutoka 1963 mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 damu ilimwagika kaskazini, ya askari na ya raia, na mifugo ikaangamia. Wazee wa huko hawalipendi neno shifta, nasi twawaelewa.

Ni kwa ajili ya hatari ya namna hiyo wakuu wa Afrika walipokutana Cairo mwezi wa Julai 1964 walikubali, kwa azimio lililoletwa na Mwalimu Nyerere, kwamba mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe. Somalia na Moroko hazikukubali. Katika jambo hili hata wanachama wetu hawana maoni mamoja, na si ajabu. Wako wasemao kwamba Cairo iliitia muhuri dhuluma ya Berlin. Sisi twaona kwamba kuifumua mipaka yote kungaliwaua watu wengi kuliko waliouawa na mipaka yenyewe. Lakini twakubali kwamba neno hilo ni rahisi kusemwa na mtu ambaye malisho yake hayakukatwa.

Tarehe 1 Julai 1962 ikawa siku ya Rwanda na Burundi. Nchi hizo mbili zilikuwa zimetawaliwa na Wabelgiji pamoja, kwa jina la Ruanda-Urundi, tangu Wajerumani walipoondolewa. Umoja wa Mataifa ulipenda zibaki nchi moja, lakini viongozi wake hawakukubaliana, na siku ya uhuru kila moja ikapandisha bendera yake. Rwanda ilikuwa Jamhuri chini ya Rais Grégoire Kayibanda. Burundi ilibaki ufalme chini ya Mwami wake, Mwambutsa wa Nne, na ufalme wenyewe ukaondolewa mwaka 1966. Kwa Warundi siku ile ilikuwa na kiti kitupu, kwa kuwa mwana wa Mwami, Louis Rwagasore, aliyekipatia chama chake ushindi katika uchaguzi wa Septemba 1961, alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huo, kabla hajatawala hata mwezi mmoja. Na kwa Wanyarwanda maelfu kwa maelfu siku ile ilipita wakiwa ugenini, katika Uganda, Tanganyika, Kongo na Burundi, kwa kuwa walikuwa wamekimbia tangu machafuko ya mwaka 1959. Watoto wa wakimbizi hao ndio waliorudi na silaha mwaka 1990. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 hatuyaelezi hapa. Si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa hayafai kupitiwa kwa mistari michache.

Tunalotaka kusema juu ya nchi hizo mbili ni kwamba hazikupata kuwa mbali nasi kama ramani inavyodhani. Katika mtaa wa Buyenzi wa Bujumbura na Nyamirambo wa Kigali, Kiswahili ni lugha ya barazani na ya sokoni tangu zamani za misafara na za askari wa Kijerumani. Mtu wetu akifika huko haoni ugeni wa kinywa. Na mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za nchi.

Basi tarehe 1 Julai 2007, miaka 45 kamili baada ya kupandisha bendera mbili mbali mbali, Rwanda na Burundi ziliingia pamoja katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Na tarehe 1 Julai 2010 Mapatano ya Soko la Pamoja la nchi tano yakaanza kufanya kazi: ruhusa ya watu, bidhaa, kazi na mitaji kuvuka mipaka. Miaka 120 kamili ilikuwa imepita tangu sahihi ya Berlin. Hatudhani kwamba walioichagua tarehe hiyo waliukumbuka mkataba wa Caprivi. Walitazama mwaka wa fedha, kama mweka hazina wetu. Na kwa wapenda miujiza twaongeza kwamba mkataba wa Jumuiya yenyewe ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000, ukaikosa siku yetu kwa siku sita.

Lakini tofauti moja si ya bahati. Mwaka 1890 wenyeji hawakuambiwa. Mwaka 1895 waliitwa kusikiliza. Mapatano yaliyoanza kufanya kazi mwaka 2010 yalitiwa sahihi na watu ambao twaweza kuwauliza mambo katika mkutano wa hadhara na kuwanyima kura. Kwa hivyo lawama ikibaki, haiwezi kupelekwa tena Berlin.

Na iko lawama. Jumuiya ya kwanza, ya mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977 mikononi mwetu wenyewe, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Katika miaka hiyo sita hakuna Mzungu aliyeshika ufunguo. Walioishi Taveta na Holili, Namanga, Sirari na Lunga Lunga wajua ndoa zilizokatika, madeni yasiyolipwa na wazazi waliozikwa bila watoto wao. Hata leo Soko la Pamoja ni pana zaidi katika maandishi kuliko barabarani. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho tu, na katika Taveta na Holili, vilevile Namanga, vituo vya pamoja vimejengwa ili msafiri ashughulikiwe mahali pamoja na maofisa wa nchi zote mbili. Lakini mtu akifa upande mmoja na kaburi la ukoo likawa upande wa pili, bado msiba husubiri karatasi, na wanachama wenye jamaa pande zote mbili wajua kwamba karatasi hizo huhitaji muda na fedha ambazo matanga hayana. Somalia iliingia katika Jumuiya mwezi wa Machi 2024, na kwa watu wa kaskazini hilo ni neno kubwa, ingawa barabara ya Mandera haijawa kama ya Namanga.

Vitabu vimeandika vizuri habari za Berlin. Habari za miaka ya 1977 hadi 1983 hazijaandikwa hivyo, na wanaozijua wanapungua kila mwaka, kama orodha ya marehemu katika taarifa hii inavyoonyesha. Mzee au mama yeyote aliyeishi mpakani miaka hiyo, akiwa na barua, hati ya kusafiria, stakabadhi ya forodha au kumbukumbu ya kichwani tu, twamwomba amwone katibu kabla taarifa ya mwaka ujao haijapelekwa kupigwa chapa. Asiyeweza kuandika ataandikiwa.